Bawa la nyuma ya gari: unalipia mwendo au unalipia sura?

Na Mwandishi Wetu

Jumamosi moja mwandishi wa safu hii alikuwa Gerezani, Dar es Salaam, akifuatilia bei za spea za magari yaliyotumika kutoka Japani. Katika duka moja alikuwapo kijana aliyekuja na Toyota IST yake. Hakutaka pedi za breki wala shokapu. Alitaka spoila: bawa refu jeusi lenye miguu miwili, lililotundikwa ukutani juu ya rundo la taa za nyuma.

"Mzee, hili likikaa, gari linashika barabara?" aliuliza kijana.

"Mdogo wangu, linashika mpaka basi," alijibu mwenye duka. "Kona zote unapita bila kugusa breki."

Wakaanza kupatana bei. Tulipomwuliza kijana gari lake linakwenda wapi kila siku, alijibu kwamba anatoka Mbagala kwenda Posta asubuhi na kurudi jioni. Msomaji anayeijua foleni ya njia hiyo atajua kwamba si mahali pa kuhofia gari kupaa.

Biashara ya mapambo haya si ndogo. Dar es Salaam, Mombasa hata Nairobi, gari la Subaru Impreza au Toyota Altezza lisilo na bawa nyuma huonekana kwa vijana wengi kama suti isiyo na tai. Wauzaji wanauza, mafundi wanafunga, na wanunuzi wanalipa wakiambiwa kwamba gari litatulia na kukimbia zaidi. Kizuri chajiuza, walisema wahenga. Lakini kwa bidhaa hii swali la kibiashara ni moja tu: je, mnunuzi anapata kile anacholipia?

Jibu fupi ni kwamba bawa la gari linafanya kazi kweli. Ila kazi hiyo ina bei, na faida yake huanza kuonekana kwenye mwendo ambao wanunuzi wetu wengi hawaufikii, na sheria haiwaruhusu kuufikia.

MTAJI BILA MZIGO

Mtu aliyewahi kutoa mkono nje ya dirisha la basi linalokimbia anaijua nguvu ya hewa. Ukiulaza mkono, hewa inapita. Ukiuinua kidogo upande wa mbele, mkono unapaa. Ukiuinamisha, unasukumwa chini. Bawa la ndege hufanya kazi kama mkono ulioinuliwa. Bawa la gari ni hilo hilo lililopinduliwa: ndege inatafuta kupaa, gari linatafuta kubaki chini.

Umbo la magari mengi ya kawaida, ambalo ni bapa chini na la mviringo juu, hufanya hewa iyanyanyue kidogo yanapokwenda kasi sana. Matairi yakipungukiwa uzito yanapungukiwa pia na uwezo wa kushika lami. Dereva husikia gari "jepesi", usukani unakuwa kama haujibu, na nyuma inaanza kuyumba. Kwa gari la mashindano hiyo ni hatari, na pia ni muda unaopotea.

Msomaji anaweza kuuliza: kama shida ni uzito juu ya matairi, kwa nini tusipakie mifuko miwili ya saruji kwenye buti? Jibu ni kwamba saruji ina mzigo wake. Gari likikata kona, saruji nayo inataka kuendelea moja kwa moja. Ukikanyaga breki, nayo lazima isimamishwe. Ukiondoka kwenye taa, injini inaivuta. Bawa linakandamiza matairi bila kuongeza mzigo wa namna hiyo, maana lenyewe lina kilo chache tu. Kwa lugha ya biashara, ni kama kupata mtaji wa mamilioni kwa dhamana ndogo.

Mswisi Michael May alilijaribu jambo hili mwaka 1956, alipofunga bawa kubwa juu ya Porsche 550 yake huko Nürburgring, Ujerumani. Wasimamizi wa mashindano wakamwamuru aliondoe. Miaka kumi baadaye, mwaka 1966, Jim Hall wa Texas alileta gari lake la Chaparral 2E likiwa na bawa refu lililosimama juu ya nguzo mbili, na nguzo hizo zilishikizwa moja kwa moja kwenye mfumo wa magurudumu ya nyuma. Kufikia mwaka 1968 mabawa yalikuwa yameenea katika Formula One.

Kwa hiyo wanaosema bawa ni urembo mtupu wanakosea. Lakini mtaji huo unatozwa riba, na riba yenyewe ni ukinzani wa hewa. Kitu kinachoisukuma hewa juu hakina budi kuikata pia kwa mbele, na kazi hiyo inalipwa na injini kwa petroli ya mwenye gari.

HESABU YA KILO

Nguvu ya hewa haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu hiyo huongezeka mara nne. Ukiongezeka mara tatu, huongezeka mara tisa. Vivyo hivyo, mwendo ukipungua nusu, nguvu inabaki robo. Biashara yote ya mabawa imefichwa katika kanuni hii moja.

Tuchukue mfano wa gari ambalo halina utani: Porsche 911 GT3 RS, iliyotangazwa mwaka 2022. Bawa lake ni kubwa kiasi kwamba ukingo wake wa juu umepita paa la gari. Kampuni ilitangaza kwamba gari hilo likiwa katika mwendo wa kilometa 200 kwa saa, hewa hulikandamiza kwa nguvu sawa na kilo 409. Likifika kilometa 285 kwa saa, nguvu hiyo ni kilo 860. Gari lenyewe lina uzito wa kilo 1,450, yaani hewa huongeza zaidi ya nusu ya uzito wake.

Sasa tushuke na kanuni yetu kutoka kilometa 200 hadi kwenye barabara za kwetu:

Kilometa 200 kwa saa: kilo 409.
Kilometa 100 kwa saa: takriban kilo 102.
Kilometa 80 kwa saa: takriban kilo 65.
Kilometa 50 kwa saa: takriban kilo 26.

Kilometa 50 ndicho kikomo cha mwendo mjini, Tanzania na Kenya pia. Kilo 26 ni nusu ya mfuko wa saruji. Gari la mamia ya maelfu ya dola, lililoundwa na wahandisi wenye chumba cha upepo na miaka ya majaribio, likipita Barabara ya Kilwa kwa mwendo halali lingepata nusu mfuko wa saruji. Tena hizo ni kilo za gari zima: bawa, pua, sakafu na matundu yote kwa pamoja.

Bawa la Gerezani halikupimwa na mtu yeyote kwenye IST, ni fupi zaidi, na limefungwa mahali ambapo mtengenezaji wa gari hakukusudia. Hata tukiliheshimu kwa kulipa robo ya uwezo wa lile la Porsche, kwenye kilometa 50 litatoa chini ya kilo saba. Abiria mmoja mwenye kikapu cha sokoni anamshinda.

BEI YA SEKUNDE MOJA

Tuangalie sasa riba. Porsche iliuza gari la GT3 na ndugu yake GT3 RS, wote wa kizazi kimoja. GT3, iliyotoka mwaka 2021, ina nguvu farasi 510, na ile ya gia za kujiendesha hufikia kilometa 318 kwa saa. GT3 RS ina nguvu farasi 525, lakini mwisho wake ni kilometa 296 kwa saa. Lenye injini yenye nguvu zaidi ndilo linaloachwa kwenye barabara iliyonyooka, kwa tofauti ya kilometa 22. Farasi 15 za ziada, na nyingine nyingi pamoja nazo, zimeliwa na hewa.

Kwa nini basi mtu alinunue? Kwa sababu ya kona. Katika mzunguko wa Nürburgring Nordschleife wenye urefu wa kilometa 20.8, GT3 ilitumia dakika 6 na sekunde 59.9. GT3 RS ilitumia dakika 6 na sekunde 49.3. Ni sekunde 10.6 zilizookolewa katika mzunguko mmoja, na kwa watu wa mashindano hiyo ni tofauti kubwa mno. Si zote zimeletwa na bawa, maana RS ina pia matairi mapana zaidi na mfumo wa springi uliobadilishwa, lakini gari zima limejengwa kulizunguka wazo la kukandamizwa na hewa.

Kwa upande wa fedha, bei ya kuanzia nchini Marekani ilipotangazwa ilikuwa dola 161,100 kwa GT3 na dola 223,800 kwa GT3 RS. Tofauti ni dola 62,700. Ukigawanya kwa sekunde 10.6, kila sekunde moja ya Nürburgring imeuzwa karibu dola 5,900. Kwa anayekwenda uwanjani kila mwezi kushindana na saa, huenda ni bei nafuu. Kwa anayekwenda Posta, hakuna mahali pa kuitumia sekunde hiyo.

Wahandisi nao wanaijua riba hiyo. Ndiyo maana GT3 RS ina kitufe cha kulilaza bawa kwenye barabara iliyonyooka ili lisikate hewa, mpango unaofanana na ule ulioanza kutumika Formula One mwaka 2011. Jim Hall aliliona hilo mapema: dereva wa Chaparral ya 1966 alikuwa na pedali ya mguu wa kushoto ya kulilaza bawa lake. Nayo Bugatti Veyron, ili ifikie kilometa 407 kwa saa, ilipaswa kwanza kulishusha bawa lake; likiwa limesimama, mwendo wake wa juu haukupita 375. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

MKIA WA BATA

Hata hivyo si kila kiongezwacho nyuma kinapunguza mwendo. Hapa ni lazima tutenganishe vitu viwili ambavyo mafundi wetu wote huviita spoila.

Bawa kamili linasimama juu ya miguu, hewa ikipita juu na chini yake. Kazi yake ni kutengeneza nguvu ya kukandamiza. Spoila yenyewe hasa ni ukingo uliobandikwa kwenye mwili wa gari, bila upenyo chini yake. Kazi yake ni kuivuruga ile hewa inayonyanyua nyuma ya gari, na ikikaa vizuri inaweza hata kupunguza ukinzani.

Mfano mashuhuri ni Porsche 911 Carrera RS 2.7 ya mwaka 1972. Injini ya 911 iko nyuma, na mgongo wake unaoteremka taratibu ulifanya hewa iunyanyue kwenye mwendo mkubwa. Wahandisi waliweka ukingo mfupi uliopinda juu ya kifuniko cha injini, watu wakauita mkia wa bata. Matokeo yalishangaza: nyuma ilitulia, injini ilipata hewa zaidi ya kuipoza, na mwendo wa juu ukaongezeka kwa kilometa 4.5 kwa saa. Kampuni ilihitaji kuuza magari 500 tu ili kutimiza masharti ya mashindano. Iliuza 1,580.

Mfano wa pili unahuzunisha. Audi TT ilipoingia sokoni mwaka 1998 ilisifiwa kwa umbo lake laini la mviringo, lisilo na kitu chochote nyuma. Baada ya muda mfupi zikaja habari za ajali kwenye barabara kuu za Ujerumani, baadhi zikiwa za vifo, madereva wakipoteza udhibiti kwenye mwendo mkubwa. Audi iliyaita magari hayo karakanani, ikarekebisha mfumo wa springi, ikaweka vifaa vya kielektroniki vya kudhibiti mserereko, na ikaongeza spoila ndogo juu ya buti. Wako wanunuzi waliolalamika kwamba imeharibu sura ya gari. Hao walikuwa wamelipia sura, na sura ile ilikuwa na gharama iliyofichika.

Tofauti ya magari haya mawili na IST ya Mbagala ni kwamba kulikuwa na tatizo lililopimwa, kwenye mwendo uliojulikana, na kifaa kikatengenezwa kwa ajili ya tatizo hilo.

Upande mwingine wa sarafu ni Lamborghini Countach. Bawa lake maarufu la nyuma, lililoning'inia kwenye kuta nyingi za vyumba vya vijana miaka ya themanini, lilikuwa la hiari, kwa malipo ya ziada. Lilisaidia utulivu kwenye mwendo mkubwa, lakini lilipunguza mwendo wa juu kwa takriban kilometa 16 kwa saa. Wateja waliliagiza kwa wingi hata hivyo. Wenye pesa nao wanapenda urembo. Kuwacheka vijana wa Gerezani peke yao si haki.

MABAWA YA KWETU YALITOKA WAPI

Msomaji wa Afrika Mashariki hakuiona Porsche kwanza. Aliona magari ya Safari Rally. Mwaka 1996 Tommi Mäkinen alishinda Safari akiendesha Mitsubishi Lancer Evolution, na mwaka uliofuata Colin McRae akashinda na Subaru Impreza. Richard Burns akaipa Subaru ushindi mwingine mwaka 2000. Watoto waliosimama pembeni mwa barabara za vumbi Kenya wakayaona magari hayo ya bluu na mekundu, kila moja na bawa nyuma, wakakua na picha hiyo.

Magari ya aina hiyo yaliuzwa pia madukani kwa sababu ya kanuni. Katika kundi la mashindano lililoitwa Group A, kampuni haikuruhusiwa kushindana na gari ambalo halikuuzwa kwa umma kwa idadi maalumu. Katika miaka ya tisini idadi hiyo ilikuwa 2,500. Kwa hiyo mwanafunzi wa Tokyo alipata gari lenye bawa la dereva wa rali, na miaka baadaye gari hilo likashuka kwenye meli Dar es Salaam au Mombasa. Bawa lake ni la kweli, lilitengenezwa pamoja na bampa la mbele na mwili wote. Lile linalouzwa ukutani limeiga sura yake tu.

Kanuni kama hizo zimeleta visa vya ajabu vya soko. Mwaka 1973 BMW iliuza gari la 3.0 CSL ambalo bawa lake halikuruhusiwa kwenye barabara za Ujerumani. Kampuni ikaliweka ndani ya buti, mnunuzi akajifungia mwenyewe nyumbani.

Marekani, kampuni ya Dodge ilitoa Charger Daytona mwaka 1969, na Plymouth ikafuata na Superbird mwaka 1970, kwa ajili ya mashindano ya NASCAR. Yalikuwa na pua ndefu na bawa refu kuliko yote yaliyowahi kuonekana kwenye gari la kuuzwa. Uwanjani yalitisha: tarehe 24 Machi 1970, huko Talladega, Buddy Baker aliendesha Daytona na kuwa wa kwanza kuzidi maili 200 kwa saa, yaani kilometa 322, kwenye uwanja wa mzunguko. Dukani mambo yalikuwa tofauti. Superbird nyingi zilikaa kwenye maduka bila mnunuzi, na baadhi ya wauzaji waliondoa pua na bawa ili waziuze kama magari ya kawaida. Leo zile zilizobaki na bawa lake ni mali; zenye injini kubwa ya Hemi zimepita dola milioni moja mnadani. Soko limelipia historia, na historia huthaminiwa pale tu inapokuwa ya kweli. Hakuna atakayelipa hivyo kwa bawa la kubandika.

GUNDI NA BOLTI

Kufikia hapa mtu anaweza kusema: basi ni urembo, na urembo haumdhuru mtu. Si mara zote.

Kwanza kuna suala la mizani. Bawa lililofungwa nyuma ya ekseli ya nyuma hufanya kazi kama pembea ya watoto: likikandamiza nyuma, linainua mbele. Mwaka 1971 Mmarekani Dan Gurney alibandika kipande chembamba cha chuma kwenye ukingo wa bawa la gari lake la mashindano, wakati wa majaribio huko Phoenix. Dereva Bobby Unser alizunguka, lakini muda wake haukuwa mzuri, watazamaji wakadhani kifaa hakifai. Kumbe kilifaa kupita kiasi: nyuma ilishika lami mno, mbele ikakataa kukata kona. Ilibidi waongeze mkandamizo wa mbele ndipo gari likaenda. Ikiwa kipande kile kiliweza kuharibu mizani ya gari la mabingwa, fundi wa kawaida anapima kwa kitu gani?

IST, Vitz na nyingi za aina hiyo huvutwa na magurudumu ya mbele. Ya mbele ndiyo yanayovuta, yanayokata kona, na yanayofanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Bawa kubwa likifanya kazi kweli kwenye mwendo mkubwa, litayapunguzia uzito hayo hayo. Honda Civic Type R nayo huvutwa kwa mbele na ina bawa, na mwaka 2023 ilizunguka Nürburgring kwa dakika 7 na sekunde 44.9. Lakini Honda ilishughulikia pua, sakafu na bawa kwa pamoja. Aliyenunua bawa peke yake amenunua theluthi ya kazi.

Pili kuna suala la uimara. Tarehe 4 Mei 1969, katika mashindano ya Hispania kwenye uwanja wa Montjuïc, Barcelona, magari mawili ya Lotus yalipata ajali kwa sababu moja: mabawa yao marefu yalivunjika. Graham Hill alitoka mzima, Jochen Rindt akaumia. Mashindano yaliyofuata, huko Monaco, mabawa marefu yakapigwa marufuku. Dereva aliyezoea kushikiliwa na hewa hana nafasi ya kujirekebisha hewa hiyo ikiondoka ghafla katikati ya kona.

Hatusemi bawa la Gerezani litamwua mwenye IST kwa njia hiyo. Halimshikilii vya kutosha hata akose kitu likiondoka. Lakini bawa lililofungwa kwa gundi na skrubu mbili, likang'oka kwenye barabara ya Morogoro, linamwendea mwendesha bodaboda anayefuata nyuma. Aidha, matundu yaliyotobolewa kwenye buti bila kuzibwa vizuri huingiza maji, na maji huleta kutu. Siku ya kuuza gari, mnunuzi ataikata kutu hiyo kwenye bei.

USHAURI KWA MNUNUZI

Anayefikiria kununua bidhaa hii ajiulize maswali manne kabla ya kufungua pochi.

Kwanza, gari langu hukimbia kiasi gani kwa kawaida? Kama jibu ni chini ya kilometa 100 kwa saa, faida ya bawa ni ndogo kuliko ya kujaza upepo wa matairi ipasavyo.

Pili, je, bawa hili lilitoka kiwandani na gari hili hili? Kama ndiyo, liache. Liliwekwa na watu waliopima, na kuliondoa kunaweza kushusha bei ya gari, hasa kwa Impreza na Lancer Evolution halisi.

Tatu, mbele kuna nini? Muuzaji anayeahidi kwamba bawa la nyuma peke yake litaboresha kona anauza maneno.

Nne, fedha hiyo ingeweza kununua nini kingine? Wachumi wanaiita gharama ya fursa iliyoachwa. Nguvu yote ya bawa, liwe la Porsche au la ukutani, mwisho wake hupita kwenye tairi. Tairi zuri linashika lami kwenye kilometa 20 na kwenye kilometa 120, na halidai petroli ya ziada. Shokapu nzima hulibakiza tairi hilo chini kwenye mashimo, ambako bawa halisaidii lolote.

Na anayetaka urembo anunue urembo. Si dhambi. Ila alipe bei ya urembo, afunge kwa bolti na si gundi, na asiamini kwamba amenunua breki.

Kijana wetu alilinunua bawa lake. Fundi alilifunga hapo hapo, akalifuta vumbi kwa kitambaa, na gari kwa kweli likapendeza. Wakati anasogea kurudi nyuma ili alitazame vizuri, tuliinama kuangalia matairi ya nyuma. Yote mawili yalikuwa kipara.

Tulimwambia. Akacheka, akasema hayo atabadilisha mwisho wa mwezi. Kisha akawasha gari, akapiga honi mara mbili, akaingia kwenye foleni ya kwenda Mbagala. Neno la mwenye duka kuhusu kona na breki hakuna aliyelifuta.